Wazee Wetu na Moshi wa Sigara

Hapa Kiptere nilimsikia mzee mmoja akikataa shauri la kuacha sigara. "Nimevuta tangu ujana wangu," alisema, "nikiacha sasa nitapata faida gani?" Waliokuwapo walicheka. Mimi sikucheka, kwani nilikuwa nimepanda mlima pamoja naye kuja sokoni, naye alisimama mara tatu akishika miguu.

Maumivu yanayomshika mtu akitembea na kumwacha akipumzika, wengi huyaita uzee tu. Aghalabu ni mishipa. Moshi wa tumbaku huharibu utando laini wa ndani ya mishipa ya damu, mafuta yakaganda hapo, njia ikawa nyembamba. Ikizibika miguuni, mtu huweza kukatwa mguu. Ikizibika moyoni au ubongoni, huenda asiamke.

Tena mzee yule alikosea hesabu. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka mmoja baada ya kuacha, hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo hupungua hadi karibu nusu ya ile ya mvutaji. Hata aliyepita miaka 70 hufaidika.

Sheria ya mwaka 2007 ilipiga marufuku kuuza sigara mojamoja, lakini mzee wetu hununua mojamoja mchana kweupe. Na maonyo yetu huwalenga vijana, kana kwamba wazee wamekwisha kuzikwa! Wahudumu wa afya ya jamii walipewa vipima shinikizo la damu mwaka 2023. Wakimpima mzee, wamuulize pia habari za sigara, na za miguu.