Kabla ya kukimbia, toboa kidole kwanza

Jumamosi moja asubuhi, mume wa dada yangu alipatikana ameketi kando ya barabara mtaani Buruburu, jasho likimtiririka na maneno yake hayaeleweki. Waliokuwa wakienda kazini walimpita. Mmoja alicheka na kusema kwamba bwana huyo alikesha kwenye baa.

Mpenzi msomaji, shemeji yangu haonji pombe. Ana ugonjwa wa kisukari na hujidunga insulini asubuhi na jioni. Siku hiyo alijidunga kama kawaida, kisha akatoka kukimbia bila hata kikombe cha chai. Alikuwa ameambiwa kwamba kukimbia na tumbo tupu hupunguza kitambi upesi.

Aliyemwokoa ni mama auzaye mandazi kando ya barabara hiyo. Mama huyo alimuuguza mamake aliyekuwa na kisukari, na hali ile aliitambua mara moja. Alimkorogea maji ya sukari akamnywesha polepole, kwa kuwa bado aliweza kumeza. Baada ya robo saa hivi, shemeji aliweza kutaja jina lake.

Usidhani nasema mazoezi ni hatari. Mazoezi ni dawa, tena ya bure. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma, kama vile kutembea kwa haraka. Mpiga makasia wa Uingereza, Steve Redgrave, aligunduliwa kuwa na kisukari mwaka 1997. Alijipima, akajidunga insulini, akaendelea na mazoezi, na mwaka 2000 akashinda dhahabu yake ya tano ya Olimpiki mjini Sydney.

Lakini kila dawa ina kipimo chake. Misuli ikifanya kazi hula sukari iliyo kwenye damu. Insulini nayo inaendelea kuishusha sukari hiyo hiyo. Vikikutana vyote viwili na tumbo tupu, sukari huanguka. Walio katika hatari zaidi ni wanaotumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi. Anayemeza metformini peke yake ni nadra kupatwa na jambo hili.

Kwa hivyo, kabla ya kufunga kamba za viatu, toboa kidole upime. Kwa anayetumia insulini au vidonge hivyo, kifaa kikionyesha chini ya 5, kula kwanza ndizi moja au kipande cha mkate. Kikionyesha kati ya 5 na 13, kwa kawaida unaweza kuanza. Kikifika 14 au zaidi, usidhani kukimbia kutaishusha. Kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza hasa, hiyo huenda ni dalili kwamba mwili umekosa insulini. Mkojo wapaswa kupimwa ketoni, na zikipatikana, acha mazoezi siku hiyo umwone daktari.

Usifikirie kukimbia peke yake. Kulima shamba kutwa, kuchota maji au kufua nguo za familia nzima ni mazoezi pia, na sukari haijui kama umevaa raba au gambuti. Kazi ikizidi nusu saa, pumzika ujipime tena.

Tia mfukoni sukari au peremende. Ukihisi mikono inatetemeka, jasho baridi, njaa ya ghafla au kichwa kizito, simama hapo hapo. Usijiambie utamaliza mzunguko mmoja zaidi. Ikiwa sukari iko chini ya 4, au huna kifaa cha kupimia, kunywa vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Soda isiyo na sukari haitakufaa. Ngoja dakika 15, ujipime tena, kisha ule chakula. Aliyezimia asinyweshwe chochote, maana atapaliwa. Mlazeni kwa ubavu na kumkimbiza hospitali.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hatari haiishi unapovua viatu. Misuli huendelea kuvuta sukari ili kujaza akiba yake, na sukari inaweza kushuka hata saa 24 baadaye, mara nyingi usiku ukiwa usingizini. Ndiyo maana siku ya mazoezi ni muhimu kujipima kabla ya kulala.

Najua utaniambia kwamba vijiti vya kupimia ni ghali. Ni kweli. Basi vitumie kwa hesabu. Unapoanza zoezi jipya, jipime kabla, baada na wakati wa kulala, ukiandika kila kitu katika daftari. Mpelekee daktari daftari hilo. Ataona mwili wako unavyokwenda, na huenda akakupunguzia dawa siku za mazoezi. Usijipunguzie mwenyewe.

Nikamuuliza shemeji kwa nini hakukimbia na wenzake wa mtaani. Alinyamaza, kisha akasema hakutaka wajue yeye ni mgonjwa. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Asubuhi ile kilikaribia kumuumbua mbele ya watu waliomwona mlevi tu.

Siku hizi wanakimbia watatu. Wenzake wawili wanajua mfuko upi una peremende. Na kila Jumamosi, kabla hajatoka, dada yangu humwekea mezani kifaa cha kupimia, na kando yake kikombe cha uji.

Tukutane Jumapili ijayo, Mola akipenda.