JAJI SI WA UKOO

Huku Meru na Embu mtu wetu akipanda cheo, vijiji vizima hushangilia, "Sasa tumeingia!" Mimi nauliza, tumeingia wapi?

Mtazameni Jaji Martha Koome. Alizaliwa mwaka wa 1960 kijijini Kithiu, Meru, katika familia ya wakulima yenye watoto 18. Alisomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, akawa wakili na kuwatetea wanawake katika chama cha FIDA. Mwaka wa 2003 akawa Jaji wa Mahakama Kuu, na 2012 akapandishwa hadi Mahakama ya Rufaa. Aprili 2021, baada ya kuhojiwa hadharani, aliteuliwa kuwa Jaji Mkuu. Mwezi uliofuata akaapishwa, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho nchini Kenya. Hakubebwa na ukoo. Mbona basi ukoo utake kubebwa naye?

Wahenga walisema mwamba ngozi huvutia kwake. Jamani, methali hiyo tuiache nje ya mlango wa mahakama! Rais Uhuru Kenyatta ndiye aliyemteua rasmi. Hata hivyo, Machi 31, 2022, Mahakama ya Juu chini ya Koome iliamua kwamba Rais hawezi kuanzisha mabadiliko ya Katiba kwa jina la wananchi. Mpango wa BBI ukafa papo hapo. Kama Rais hakupendelewa, sembuse sisi majirani?

Tujivunie, ndiyo. Lakini siku tukiwa na kesi, twende na ushahidi, si na jina la kijiji.