Mafuta ya kutuliza maumivu yasitumiwe kiholela

Wahenga walinena kwamba mfa maji haishi kutapatapa. Anayeumwa naye hali yake ni iyo hiyo. Jino linapomkosesha usingizi au goti linapomwaka moto usiku wa manane, mtu haulizi chupa aliyopewa imetoka wapi, ina nini ndani yake, wala ni nani aliyeijaza. Aulizalo ni moja tu: je, itaniondolea maumivu?

Nayasema haya kwa kuwa mimi mwenyewe nimo miongoni mwa waliotapatapa. Nikielekea nyumbani kwangu mtaani Pioneer, hapa Eldoret, nilinunua chupa ndogo ya mafuta ya kuchua kutoka kwa mchuuzi aliyekuwa akinadi bidhaa zake ndani ya matatu. Alituambia kuwa ni mafuta ya asili mia kwa mia, na kwamba yanatibu mgongo, meno, kifua, baridi yabisi na hata kikohozi cha mtoto mchanga. Usiku huo nilijipaka gotini, nikalifunga kwa kitambaa na kuweka juu yake chupa ya maji moto. Kulipopambazuka, ngozi ilikuwa imetoka malengelenge. Nilipoichunguza ile chupa, sikuona jina la mtengenezaji, orodha ya viungo, kipimo wala tarehe ya mwisho ya matumizi. Kosa la kwanza, nakiri, lilikuwa langu. Mimi ambaye kila siku huwahimiza wanafunzi wasome maagizo kabla ya kujibu maswali, nilitumia kitu kisichokuwa na agizo hata moja.

Yaliyonipata si ajabu. Mnamo Septemba 2012, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa ilitoa onyo baada ya kupata visa 43 vya watu waliobabuka ngozi kwa kutumia dawa za kuchua misuli zenye mentholi na methili salisileti. Baadhi yao waliungua vibaya baada ya kujipaka mara moja tu. Dawa hizo zilikuwa za madukani, zilizoandikwa viungo vyake. Seuze chupa isiyokuwa na maandishi!

Ni muhimu tuelewe mafuta haya ni kitu gani. Si mafuta ya kawaida kama ya nazi au ya alizeti. Hupatikana aghalabu kwa kupitisha mvuke kwenye majani, maua, magome au vikonyo vya mmea, hata ikabakia harufu na nguvu yake pekee. Majani ya gunia zima huweza kutoa mafuta ya kujaza kichupa tu. Kwa hivyo, anayesema kwamba nyanya yake alikunywa chai ya mchaichai maisha yake yote bila kudhurika, anasema kweli, lakini hajajibu swali letu. Chai ni jani katika maji. Kichupa ni gunia la majani katika matone.

Tuchukue karafuu, zao ambalo Unguja na Pemba zimesifika kwalo tangu karne ya 19. Mafuta yake yana kemikali iitwayo yujenoli, ambayo kwa kweli hutia ganzi, na madaktari wa meno wameitumia kwa miaka mingi. Tone moja kwenye pamba, likiwekwa juu ya jino, huweza kumpa mtu nafuu hadi atakapomwona daktari. Hata hivyo, mafuta hayo hayo yakimezwa na mtoto mdogo, hata kijiko kimoja au viwili vya chai, yanaweza kumtia katika hali ya kupoteza fahamu na kuharibu ini lake. Visa vya aina hiyo vimeandikwa katika majarida ya madaktari.

Au tuchukue mkaratusi, mti ulioletwa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20 ili kuni zake ziendeshe garimoshi, na ambao leo umetanda katika mashamba ya Uasin Gishu. Mafuta yake hufungua pua iliyoziba. Lakini mtoto akiyanywa, anaweza kulemewa na usingizi mzito, kushindwa kupumua na kupatwa na kifafa cha ghafla. Kafuri nayo ni vivyo hivyo. Walimu wa hisabati na wapigie wanafunzi hesabu hii: mafuta yenye kafuri asilimia 20, kijiko kimoja cha chai cha mililita 5, yana kafuri kiasi gani? Jibu ni takriban gramu moja, na kiasi hicho kinatosha kuhatarisha uhai wa mtoto mchanga.

La kutisha zaidi ni mafuta yenye methili salisileti, yale yenye harufu kali ya dawa za kuchua. Kemikali hii ni ndugu wa aspirini. Yakiwa hayajachanganywa na kitu, kijiko kimoja cha chai cha mafuta hayo ni sawa na zaidi ya tembe 20 za aspirini ya mtu mzima. Aidha, hupenya ngozi na kuingia katika damu. Mgonjwa anayetumia dawa ya kuzuia damu isigande, kisha akajipaka mafuta haya kila siku, anaweza kuvuja damu bila kujua chanzo chake.

Suala hili linatuhusu sana sisi tunaoishi katika mji wa wanariadha. Alfajiri barabara zetu hujaa vijana wanaokimbia, na jioni vyumba vyao hunukia mafuta ya kuchua. Mwaka 2007, huko New York, msichana mkimbiaji wa shule ya sekondari, mwenye umri wa miaka 17, alifariki dunia, na uchunguzi wa maiti ukabainisha kwamba mwili wake ulikuwa na methili salisileti iliyopita kiasi, iliyotokana na dawa za kuchua alizozitumia kwa wingi. Hakunywa kitu. Alijipaka tu, kama wanavyojipaka wanafunzi wetu.

Yamkini msomaji ataniuliza: je, unatutaka tutupilie mbali dawa za mababu zetu? La hasha! Utafiti uliofanywa nchini Ujerumani na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba mafuta ya mnanaa, yakichanganywa kwa asilimia 10 na kupakwa kwenye paji la uso, hupunguza maumivu ya kichwa. Tena, dawa za hospitali nazo huua zikitumiwa vibaya. Tofauti ni kwamba pakiti ya dawa hiyo hutuambia tumeze tembe ngapi na baada ya saa ngapi. Ninachokidai ni kwamba kichupa cha mafuta nacho kituambie hivyo. Neno "asili" si kipimo. Mbegu za mbarika ni za asili, na zina sumu kali mno.

Wala sitaki kumlaumu mnyonge. Anayenunua mafuta ndani ya matatu mara nyingi amekwisha kupiga hesabu ya nauli, foleni na gharama ya matibabu, akaona hamudu. Madhali hospitali ni ghali kwake, kichupa kitaendelea kununuliwa. Kwa sababu hiyo, Bodi ya Famasia na Sumu, ambayo ina jukumu la kusajili dawa zikiwemo za mitishamba, isiishie kukagua maduka yenye milango. Ifuate bidhaa hizi kwenye vituo vya magari na masoko, huku serikali ya kaunti ikiwafunza wachuuzi badala ya kuwafukuza tu.

Nasi walimu tuna wajibu wetu. Kwanza, sanduku la huduma ya kwanza shuleni lisiwe na chupa isiyokuwa na maandishi. Pili, mwalimu wa michezo asimpake mwanafunzi dawa ya kuchua kwenye kidonda, wala asiifunge kwa bendeji au kuipasha moto. Tatu, tuwafundishe wanafunzi kwamba mafuta haya hayanywewi. Kwamba yanapopakwa huchanganywa na mafuta ya kawaida, kiasi cha asilimia 2 au 3. Na kwamba hayafai kuwekwa puani mwa mtoto wa chini ya miaka miwili. Mama mjamzito, mwenye pumu na mwenye kifafa waulize daktari kwanza. Nne, mtoto akiyanywa, asilazimishwe kutapika, kwa kuwa mafuta huweza kuingia mapafuni. Akimbizwe hospitalini pamoja na chupa yenyewe.

Goti langu limepona, ila kovu limesalia. Kile kichupa sikukitupa. Nimekiweka juu ya meza yangu katika chumba cha walimu, na kila mwanafunzi anayeniuliza ni cha nini, humpa akisome. Hukigeuza huku na huku, kisha huniambia, "Mwalimu, hakijaandikwa kitu." Humjibu kwamba hilo ndilo somo.