Pima Kwanza, Usifomati!

Wasee, hii tabia ya "Linux inakawia kuwaka? Fomati!" lazima ikome. Kufomati si kupima. Ni kubahatisha, na fundi akibahatisha, anayelipa ni wewe.

Mashine yenyewe iko tayari kusema. Kwa Ubuntu, Debian au Fedora, fungua teminali uandike systemd-analyze. Utaona keneli imekula sekunde ngapi, na huduma zilizofuata ngapi. Kisha andika systemd-analyze critical-chain, ujue nani amewazibia wenzake njia. Wengi huishia kwa blame, lakini huduma nyingi huwaka pamoja. Iliyochukua muda mrefu huenda haikuchelewesha yeyote.

Inakwama dakika 1 na sekunde 30 kila asubuhi? Angalia /etc/fstab. Pengine inangoja diski uliyochomoa kitambo. Weka # mbele ya mstari wa hiyo diski, basi.

Deski ikikawia baada ya nywila, hiyo ni kesi nyingine: punguza programu zinazojiwasha. Na kama bado uko na diski ya kuzunguka, weka SSD kabla hujanunua laptopu mpya.

Daktari hakupi dawa bila kukupima. Fundi naye akuonyeshe namba kwanza, ndio umpe pesa.