Mgeni Aliyezaliwa Amani
Barazani, na Mwana wa Chumbageni

Shemeji yangu aliniita kwake Ijumaa baada ya sala ili anionyeshe, kwa taadhima kubwa, kikopo chenye kimea cha majani ya manyoya na maua ya zambarau yenye vitone vya manjano katikati, akisema kuwa hilo ni ua la Ulaya, limenunuliwa na mwanawe kwa fedha nyingi na kuletwa kwa ndege limepakatwa kama mtoto mchanga.

Ghadhabu ilinipanda. Ua lile nalijua tangu utotoni, limejishikiza kwenye majabali yenye unyevu, vivulini mwa miti mikubwa, kandokando ya Mto Sigi njia ya kupandia Amani, milimani Usambara! Mtawala wa Kijerumani wa huku kwetu, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyempelekea babaye ua hilo, na mwaka 1893 Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen, Hannover, akalitia vitabuni kwa jina la ukoo wao, Saintpaulia. Wazungu wakalizalisha hata likawa na rangi chungu nzima, na sisi wenye mlima tukashughulika kukata miti iliyokuwa ikilipa kivuli. Sababu ni moja tu: kitu kisichopita forodhani hatukihesabu kuwa kitu.

Na malezi yake, laiti mngaliyaona! Amelianika barazani upande wa magharibi, jua la alasiri lote lake, na kila asubuhi hulimwagia majanini maji ya friji, ati kwa kuwa Ulaya kuna baridi. Majani yamekwisha babuka, yana madoa ya kahawia yasiyofutika. Langu, lililotokana na jani moja nililopewa na bibi mmoja wa Amani bila ya senti, nikalichomeka na kikonyo chake katika udongo mwepesi wa majani yaliyooza hata vichipukizi vikatokeza shinani, limekaa katika mkebe wa maziwa dirisha la mashariki, nalo hunywa kwa chini, kisahanini, maji yasiyo baridi.

Nilimweleza yote haya kwa urefu. Shemeji alinisikiliza kwa adabu, akalitazama ua lake kwa huzuni, kisha akauliza iwapo wale wa dukani, wakijulishwa kuwa ni la Usambara, watamrudishia mwanawe fedha.