Muhuri si Kipimo: Afya ya Mwanafunzi Kabla ya Michezo

Mwanafunzi anayechaguliwa kuingia kidato cha kwanza au cha tano nchini Tanzania hupokea, pamoja na maelekezo ya kujiunga na shule, fomu ya uchunguzi wa afya. Fomu hiyo hupelekwa kwa mganga, hujazwa, hutiwa sahihi na kupigwa muhuri, kisha hurudishwa shuleni na kuwekwa katika jalada. Siku mwanafunzi huyo anapoitwa katika mbio za nyika, au anapoteuliwa kuiwakilisha shule katika mashindano ya UMISSETA, jalada hilo aghalabu halifunguliwi. Muhuri umekwisha kupigwa. Basi mtoto huhesabiwa kuwa mzima.

Yafaa kuitazama fomu yenyewe. Huanza na damu, kinyesi na mkojo, ikaendelea na macho, masikio, kifua, bandama na tumbo. Magonjwa ya kudumu na magonjwa ya ukoo huachiwa nafasi ndogo mwishoni, chini ya maelezo ya ziada. Kwa mtoto atakayekimbia juani, nafasi hiyo ya mwisho ilistahili kuwa ya kwanza. Hatari kubwa za uwanjani, hasa zile za moyo, mara nyingi hazionekani katika mkojo wala katika kinyesi. Dalili zake hujulikana na mtoto mwenyewe na jamaa zake, wakiulizwa.

Wachezaji wawili

Faida ya uchunguzi wa kweli huonekana katika maisha ya wachezaji wawili mashuhuri wa Afrika. Mwaka 1996 Nwankwo Kanu wa Nigeria, aliyekuwa ametoka kutwaa medali ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya Atlanta, alijiunga na klabu ya Inter Milan ya Italia. Uchunguzi aliofanyiwa huko ulifichua kasoro katika vali moja ya moyo wake. Alipasuliwa nchini Marekani mwezi Novemba mwaka huo, akarudi uwanjani mwaka 1997, na akacheza kwa miaka mingi baadaye.

Marc-Vivien Foé wa Kameruni hakujaliwa hivyo. Tarehe 26 Juni 2003, akiwa na umri wa miaka 28, alianguka katika mchezo wa nusu fainali ya Kombe la Mabara mjini Lyon, Ufaransa, akafariki. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba misuli ya moyo wake ilikuwa imenenepa kupita kiasi, hali ambayo mara nyingi hurithiwa.

Haikuwa bahati tupu kwamba Kanu alipimwa nchini Italia. Tangu mwaka 1982 sheria ya nchi hiyo humtaka kila mshindani achunguzwe, pamoja na kupimwa umeme wa moyo. Katika jimbo la Veneto, vifo vya ghafla vya wanamichezo vijana vitokanavyo na moyo vilipungua kutoka 3.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka katika 1979 na 1980, hadi 0.4 katika 2003 na 2004. Hata hivyo, Israeli ilitunga sheria kama hiyo mwaka 1997, na watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2011 hawakuona vifo vikipungua. Wataalamu hawajapatana kama kipimo hicho kinafaa kulazimishwa kwa kila mtu. Kwa hiyo shule isiyo na mashine haina sababu ya kukata tamaa, wala haina haki ya kukaa bure.

Ugonjwa unaoanzia kooni

Katika Afrika Mashariki kuna adui mwingine wa moyo wa mtoto, naye huanzia kooni. Bakteria wa jamii ya streptokokasi huleta mafindofindo. Yasipotibiwa, kinga ya mwili inayopigana na bakteria hao huweza kuigeukia nafsi yake: viungo huvimba na kuuma, homa hupanda, na vali za moyo hujeruhiwa. Hii ndiyo homa ya rumatiki. Ikirudia, vali huzidi kuharibika, na miaka baadaye kijana hushindwa kupanda hata kilima kidogo.

Ugonjwa huu hujificha. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2007, watoto 2,170 wa shule za Maputo, Msumbiji, walichunguzwa. Madaktari waliosikiliza kwa stetoskopu waliwagundua wagonjwa 5. Kipimo cha mawimbi ya sauti kiliwaonyesha 66. Ikiwa sikio la daktari aliyetulia huwakosa wengi kiasi hicho, muhuri uliopigwa bila mtoto kuvua shati utamgundua nani?

Jambo la kutia moyo ni kwamba ugonjwa ukigunduliwa mapema, huweza kuzuiwa usiendelee. Kaskazini mwa Uganda, watoto 818 waliokuwa na dalili za awali zisizohisiwa waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa sindano ya penisilini kila mwezi kwa miaka miwili, jingine halikupewa. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba ugonjwa uliendelea kwa watoto 3 waliopata sindano, na kwa 33 wasiopata. Penisilini ni dawa ya zamani na ya bei nafuu. Kinachokosekana ni kumjua mtoto anayeihitaji.

Maswali yasiyohitaji mashine

Kabla ya msimu wa michezo, kila mwanafunzi hana budi kuulizwa faraghani. Je, amewahi kuzimia au kuumwa kifua akiwa anakimbia? Je, huishiwa pumzi upesi kuliko wenzake? Je, moyo humwenda mbio bila sababu? Je, amewahi kuvimba viungo pamoja na homa? Je, ana pumu, kifafa au selimundu? Je, yupo ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana? Swali hili la mwisho lapasa kufikishwa kwa wazazi na mabibi, kwa kuwa vifo vya namna hiyo mara nyingi husemwa kuwa ni uchawi, na sababu yake huzikwa pamoja na marehemu.

Mwalimu hatakiwi kutoa jina la ugonjwa. Kazi yake ni kuuliza, kuandika, na kumpeleka kwa mganga yule aliyejibu ndiyo, pamoja na maandishi hayo, ili stetoskopu na vipimo vingine vielekezwe panapohusika. Kwa njia hii hata wilaya yenye kipimo kimoja tu cha mawimbi ya sauti itajua ianze na nani.

Wapo watakaosema kwamba maswali huleta uongo, kwa sababu mwanafunzi anayependa mpira hatakubali kujitoa katika timu. Hoja hiyo ina uzito, lakini lawama si ya mtoto. Pale ambapo uchunguzi hutumika kumfukuza mgonjwa uwanjani tu, kila mwenye akili atauficha ugonjwa wake. Mwenye pumu akiwa na dawa yake anaweza kucheza. Aliyerithi chembe ya selimundu kwa mzazi mmoja tu naye anaweza kucheza, mradi apate maji na mapumziko, na mazoezi yake yaongezwe pole pole. Hata Kanu, baada ya kupasuliwa moyo, alicheza. Wachache watalazimika kuacha mashindano mazito, nao wapewe kazi nyingine ya heshima katika timu. Mwanafunzi akiyaona hayo yakitendeka, atasema kweli.

Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga. Lakini shule isiyouliza humsaidia mficha maradhi. Wakuu wa shule, walimu wa michezo na waganga wa wilaya hawana haja ya kungoja sheria mpya ili waketi pamoja kabla ya msimu ujao. Jalada lifunguliwe, mtoto aulizwe, asikilizwe kifua, na aliye na dalili afuatwe hadi atibiwe. Baada ya hapo ndipo muhuri upigwe, nao utakuwa na maana.