Afya ya jamaa: Mama mzee akitoka kuugua



Juma lililopita tulienda kumsalimia mama mzee mmoja wa kikundi chetu aliyeugua malaria kali. Tulimpelekea soda, biskuti na sukari, kama desturi yetu. Tulimkuta kitandani, siku ya 12. Binti yake alituambia kwa heshima yote: "Hatumruhusu kuinuka, mama apumzike." Lakini alipotaka kwenda msalani, magoti yalikataa. Malaria ilikuwa imepona. Nguvu ya miguu ndiyo ilikuwa imekwisha. Na tuseme kweli, sisi sote tulisaidia kuimaliza.

Misuli si ukuta wa matofali, ukishajengwa basi. Mwili unaibomoa na kuijenga usiku na mchana. Tukikaa bila kula, unachukua proteini ya misuli ili kulisha viungo vingine. Tukila proteini, chembe zake, zaidi ile inayoitwa leusini, zinaupa mwili amri ya kujenga tena. Kutembea na kubeba kunaongeza nguvu ya amri hiyo. Ugonjwa unaharakisha kubomoa, na kulala tu kunapunguza kujenga. Watafiti wa Marekani waliwalaza wazee kitandani siku 10. Mwaka 2007 wakaandika kwamba miguu yao ilipoteza karibu kilo 1 ya nyama. Na hao walikuwa wazima!

Tena mwili wa mzee ni mgumu kusikia: unahitaji proteini nyingi kwa kila mlo kuliko wa kijana. Kumbe sisi yai tunampa mtoto, mama mzee tunamwekea mchuzi. Mwenye kilo 50 anafaa kupata gramu 50 hadi 60 kwa siku, na akiugua hata zaidi. Yai moja lina gramu 6 hivi. Soda haina hata moja. Maharagi, sambaza, karanga, uji wa masoso, vyote viko sokoni. Tuvigawe asubuhi, mchana na jioni. Mwenye ugonjwa wa figo aulize muganga kwanza.

Alhamisi tulirudi na sambaza na mayai. Tulimwomba binti aweke kiti imara kando ya kitanda, mama aketi, asimame, aketi tena. Siku hiyo aliweza mara 2, akishikwa mikono. Jana aliweza mara 5, kisha akatuuliza ni nani anayeuza kwenye meza yake sokoni.